Mama Mlevi Naye Ni Mgonjwa

Katika Biblia ziko habari mbili za kileo ambazo kwa kawaida hatuzisomi pamoja. Ya kwanza ni ya mzee Nuhu. Alipanda mizabibu, akanywa divai yake, akalewa, akalala uchi hemani. Wanawe wawili, Shemu na Yafethi, wakatwaa nguo, wakaenda kinyumenyume ili wasimtazame baba yao, wakamfunika. Ya pili ni ya Hana. Yeye hakulewa, wala hakuonja kitu. Alikuwa akiomba kwa uchungu, midomo ikicheza na sauti haisikiki, na kuhani Eli alipomwona akamdhania mlevi, akamkemea palepale mahali pa ibada. Ni kweli kwamba Eli alipoelezwa alimbariki. Lakini kwanza alikemea, ndipo akasikiliza.

Mwanamume aliyelewa kweli alifunikwa. Mwanamke asiyelewa alikemewa.

Sasa tuangalie hapa kwetu Kanyaruchinya. Jumamosi jioni baba ametoka kwenye kasiksi au kanyanga, ameanguka juu ya mawe ya volkano kando ya njia ya Rutshuru. Vijana wanamwinua, pengine wanampandisha juu ya chukudu, wanampeleka kwake. Watu wanacheka kidogo. Jumapili anaombewa. Na akianguka mama? Watoto wanamzunguka na kumwimbia. Wakubwa wanapita upande mwingine wa njia. Kesho yake ndugu za mume wanakuja kuuliza habari za mahari, na juma lijalo jina lake halisomwi tena katika chama cha wamama. Basi mama huyo amejifunza jambo moja tu, nalo si kuacha pombe. Amejifunza kwamba mara nyingine anywe ndani, mlango umefungwa.

Kwa sababu hiyo naandika ukurasa huu. Kipimo hiki cha namna mbili kinaua watu. Ulevi wa baba huonekana, kwa hiyo mtu fulani humwambia neno, au humleta kwetu mkono ukitetemeka. Ulevi wa mama hufichwa. Sisi wa hospitali tunamwona tu wakati ini limekwisha kuharibika na tumbo limejaa maji, au wakati mtoto amezaliwa mdogo kama njiwa. Tena mwili wa mwanamke huumizwa na pombe upesi kuliko wa mwanamume, hata wakiwa na uzito mmoja, maana una maji machache zaidi ya kuipunguzia nguvu. Chupa ileile, sumu zaidi. Kwa hiyo yeye ndiye angetakiwa kuja mapema, na yeye ndiye tunayemfanya achelewe.

Usidhani ni shida ya Kivu peke yetu. Ripoti za Umoja wa Mataifa zimeeleza kwamba duniani, katika kila watu watatu wanaotumia dawa za kulevya, mmoja ni mwanamke. Lakini katika kila watu watano wanaotibiwa, mwanamke ni mmoja. Hesabu hizi mbili haziendi pamoja. Wako wanawake waliobaki nje ya mlango. Mwezi wa Februari 2011, hospitali ya Muhimbili katika Dar es Salaam ilianza kuwapa watu wa heroini, ile waiitayo unga, dawa ya kunywa kila siku iitwayo methadoni. Ilikuwa kazi njema sana. Lakini waliofika walikuwa karibu wote wanaume, ingawa ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba wanawake wa unga katika mji huo wana virusi vya UKIMWI kuliko wanaume wa unga. Nani atamshikia mtoto kila asubuhi akipanga mstari? Nani atamlipia gari? Tena mstari ule umejaa wanaume wanaomjua, na baadhi yao ndio wanaomtesa usiku. Dawa ilikuwapo, bali njia ya kuifikia ilitengenezwa kwa miguu ya mwanamume.

Mtu atauliza, kwa nini mama anywe? Je, hakufundishwa? Makanisa yetu yanafundisha kutokunywa kabisa, nami nakubali mafundisho hayo. Lakini mafundisho hayaondoi kumbukumbu. Hapa tumeona moto wa Nyiragongo mwaka 2002, tukauona tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka 2012 wakimbizi wa vita walijaa Kanyaruchinya, wakatawanyika tena vita ilipokaribia. Tangu mwaka 2022 wakaja wengine kutoka Rutshuru, maelfu kwa maelfu, wakajenga vibanda vya turubai juu ya mawe, mahali ambapo hata kaburi ni kazi kulichimba. Mwanzoni mwa 2025 wakaambiwa warudi, na wengi walirudi kwenye nyumba zisizokuwapo tena.

Katika miaka hiyo mama ndiye aliyekwenda porini kutafuta kuni na majani ya kula. Wanganga wa shirika la Médecins Sans Frontières waliandika kwamba katika majuma mawili ya mwezi wa Aprili 2023 walitibu wanawake zaidi ya 600 waliotendewa jeuri ya kunajisiwa katika kambi za kando ya Goma. Majuma mawili tu. Wengi walishikwa walipokuwa wakitafuta kuni na chakula. Basi mama kama huyo akirudi kibandani, usiku haupiti. Akifumba macho anawaona tena. Jirani anampa kikombe cha kanyanga, analala. Mwingine anampa kidonge cha tramadol, kile cha maumivu, anasikia mwili umekuwa mwepesi na njaa imenyamaza. Kesho anatafuta tena. Hakuanza kwa furaha, wala hakuanza katika karamu. Alianza kama mtu anayejitibu mwenyewe, kwa dawa mbaya, kwa sababu dawa nzuri ilikuwa mbali au aliona haya kuiomba.

Sisemi kwamba shida ni ruhusa ya kulewa. Wako wamama waliopata mateso yaleyale na hawakunywa. Nasema tu kwamba ukimwuliza mama, "Kwa nini umejiharibu?", umeanza katikati ya habari. Anza mwanzo. Mwulize, "Ulipatwa na nini?" Kisha nyamaza usikilize.

Na hapa nitie neno la mganga, maana linaokoa maisha. Mwanamke aliyenajisiwa aje hospitalini kabla saa 72 hazijapita, yaani siku tatu, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Dawa za kuzuia mimba zinaweza kusaidia hadi saa 120, lakini mapema ni bora. Hata akija amelewa, aje. Hata kama watu wanasema alikuwa amelewa wakati ule alipotendwa, aje. Pombe kinywani mwa mwanamke haimpi mwanamume yeyote haki juu ya mwili wake, nami nashangaa kuona Wakristo wanaohitaji kuambiwa neno hili.

Sasa nije kwenye jambo la sheria, ambalo wengi katika kanisa wanalisifu bila kulichungua. Mara kwa mara wenye mamlaka huamua kusafisha pombe. Askari wanakuja na fimbo. Wanakwenda wapi? Wanakwenda kwa mjane anayepika kanyanga nyuma ya nyumba. Wanapiga teke chungu, wanamwaga pipa, wanamtoza franga, asiyekuwa nazo anachukuliwa. Wanaume waliokuwa wameketi pale wakinywa wanasimama, wanafuta midomo, wanakwenda zao. Unakumbuka yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana Yesu, wakisema ameshikwa katika uzinzi? Walimleta peke yake. Mwanamume alikuwa wapi? Hata leo hatujaambiwa. Na wakati huohuo bia ya kiwanda inapita barabarani juu ya lori kubwa yenye rangi nzuri, na vichupa vidogo vya pombe kali, ambavyo wengine huviita sapilo, vinauzwa mezani karibu na shule kwa bei ndogo. Chungu cha mjane ni haramu, lakini lori linafunguliwa njia.

Si kwamba natetea kanyanga. Nimeona yanayotoka humo, nami ningefurahi kama ingekwisha leo. Lakini tujifunze kwa jirani. Kenya ilipiga marufuku chang'aa, ndugu yake kanyanga, kwa sheria ya mwaka 1980. Kabla ya hapo na baada ya hapo, katika bonde la Mathare mjini Nairobi, wanawake wengi waliokuwa peke yao na watoto waliishi kwa kupika busaa na chang'aa. Walikuwa wakikamatwa, wakilipa, wakirudi kupika ili kupata fedha ya kulipa tena. Baada ya miaka 30, katika mwaka 2010, serikali yenyewe iliifuta sheria ile na kuweka nyingine yenye kanuni za usafi na leseni. Miaka 30 ya kumwaga vyungu haikuikausha chang'aa. Tanzania walishika upande mwingine: tarehe 1 Machi 2017 walikataza viroba, zile pombe kali za mifuko midogo, na hapo mkono wa sheria ulifika hadi kwa mwenye kiwanda na mwenye ghala. Mimi naona njia hiyo ni ya haki zaidi. Anayepata faida kubwa aulizwe kwanza. Na mjane aliyeambiwa aache chungu aambiwe pia atapika nini badala yake. Chama cha wamama chenye akiba ndogo, cha sabuni au cha unga wa mahindi, kimewatoa wapishi wengi katika kazi hiyo kuliko fimbo.

Na gereza je? Wengine husema, "Afungwe, atajifunza." Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilitoa hesabu katika mwaka 2018: katika kila wafungwa wanawake 100 duniani, 35 wako ndani kwa sababu ya dawa za kulevya, kwa wanaume ni 19 katika 100. Kwa hiyo sheria hizi huangukia wanawake kwa uzito zaidi, ingawa wakubwa wa biashara hiyo ni wanaume. Kisha tukumbuke jambo la hapa karibu, ambalo kalamu yangu inalisita. Tarehe 27 Januari 2025 gereza la Munzenze, mjini Goma, lilivunjwa vita ilipoingia. Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba wanawake wasiopungua 165 waliokuwa wamefungwa humo walinajisiwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafa katika moto uliowaka gerezani. Hata wangekuwa na makosa gani, hakuna hakimu aliyewahukumia hayo. Wewe mzee wa kanisa unayefikiri kumwita askari kwa ajili ya mama jirani anayelewa au anayeuza chupa mbili za kanyanga, likumbuke jina la Munzenze kabla hujatuma mtoto kwenda kuita.

Nirudi kwa mama mwenye mimba, kwa maana hapa ndipo tunapotupa mawe mengi. Mwaka 1968, mjini Nantes katika Ufaransa, mganga wa watoto Paul Lemoine na wenzake waliandika habari za watoto 127 wa wazazi walevi: wadogo, wenye uso wa namna fulani, wazito wa kujifunza. Mwaka 1973 waganga wa Seattle, Marekani, waliandika habari hiyohiyo, na dunia ikaamini. Pombe hupita katika damu ya mama kwenda kwa mtoto, na hatujui kiasi chochote kisichokuwa na hatari. Kwa hiyo mama mjamzito asinywe kabisa, si kasiksi, si bia, si ile kidogo ya kuongeza damu ambayo bibi hushauri. Haiongezi damu.

Lakini tazama tunavyolitumia neno hili la kweli. Lemoine aliandika juu ya wazazi. Sisi tunasoma mama tu. Ni nani aliyeleta chupa nyumbani? Ni nani aliyempiga hata akatafuta kulala? Mume anayekunywa kila siku mbele ya mkewe mjamzito, kisha anamlaumu kwa kikombe kimoja, anafanya kama mtu anayewasha moto chini ya kitanda na kumgombeza aliyelala kwa kuwa ameungua. Baba, ukitaka mtoto mzima, acha wewe kwanza kwa miezi hiyo tisa. Ni msaada ulio mkubwa kuliko mahubiri.

Tena mama mwenye mimba aliyezoea tramadol au vidonge vya usingizi kama Valium asiviache ghafla kwa hofu baada ya kusoma ukurasa huu. Mwili uliozoea ukinyimwa mara moja unaweza kushikwa na kifafa, na mimba inaweza kuharibika. Aje, tupunguze pamoja naye kidogo kidogo, na mtoto akizaliwa tumwangalie siku zake za kwanza, maana naye atakuwa amezoea. Na kwa watu wote: tramadol pamoja na pombe huweza kuzima pumzi mtu akiwa usingizini. Asubuhi jamaa wanasema amerogwa.

Jambo lingine ni la vyumba vya maombi, nami naliandika kwa heshima, kwa kuwa mimi pia naomba. Kuna jamaa wanaompeleka mama mlevi chumbani, wanamfungia siku tatu, afunge kula na kunywa, pepo wa pombe atoke. Siku ya kwanza anatetemeka na kutoa jasho. Kabla siku mbili hazijapita anaweza kuanguka kifafa. Siku ya pili au ya tatu anaona wadudu ukutani, anapiga kelele na watu wasiokuwapo, moyo unapiga mbio. Waombaji wanasema, "Pepo anapigana, tusilegee!" Hapana, ndugu zangu. Huo ni ugonjwa wa kuacha pombe ghafla, unajulikana, una dawa, na bila dawa unaweza kumwua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache peke yake, wala asifungiwe bila maji. Mpeni maji, mpeni uji, mleteni hospitalini apate dawa ya kutuliza na vitamini B1 ili akili isiharibike. Mkitaka kumwombea, njoni mwombe kando ya kitanda. Kitanda hakizuii maombi.

Mwisho niseme na wewe mama, wewe unayesoma au unayesomewa na binti yako, ambaye umejitambua katika maneno haya na moyo unapiga.

Huhitaji barua ya mume ili utibiwe. Ni kweli kwamba Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe idhini ya mumewe kwa mambo mengi, na mazoea hayo yamekaa vichwani mwa watu. Lakini sheria hiyo ilibadilishwa mwezi wa Julai 2016, na idhini ile iliondolewa. Na hata kabla ya hapo, ugonjwa haukuwa mali ya mume. Muuguzi akikuuliza, "Baba wa nyumbani amekubali?", mwambie kwa upole kwamba umekuja mwenyewe.

Usingoje uwe umeacha ndipo uje. Wengi husema, "Nitaacha kwanza, kisha nitakwenda nikiwa safi." Hatuoshi wagonjwa kwa kuwaambia wajioshe nyumbani. Njoo kama ulivyo, asubuhi ukiweza, na mtoto wa mgongoni uje naye, maana hatutaki umwache kwa mtu usiyemwamini. Kama unaogopa mstari wa mbele, mwambie mlinzi kwamba umekuja kwa muuguzi wa wamama, basi. Hana haki ya kuuliza zaidi. Akiwapo shangazi au rafiki mmoja asiyekuwa na mdomo mrefu, mje wawili.

Ukifika utaulizwa unakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Sema kweli hata kama ni asubuhi ya leo. Hatuulizi ili kuandika jina lako kwa mchungaji. Tunauliza ili tujue kipimo cha dawa. Kama ni vidonge, njoo na pakiti yake, hata ikiwa tupu, ili tusome jina lililoandikwa juu.